Viti Vyekundu vya Kibondo

Shule aliyosoma binti yangu pale Kibondo ilikuwa na utaratibu ambao sijauona pengine, na sitaki kuuona tena. Kwenye mkutano wa wazazi hukukaa unapotaka. Ulikaa kufuatana na matokeo ya mtoto wako. Mbele kabisa vilipangwa viti vya plastiki vyekundu, vile vyenye mikono, kwa wazazi wa watoto wenye daraja la kwanza. Nyuma yao viti vya mbao, daraja la pili. Waliobaki wote, wa daraja la tatu, la nne na sifuri, walipewa mabenchi ya mwisho, karibu na mlango unaotazama jikoni, ambako moshi wa kuni uliwakohoza mpaka mkutano uishe. Mkuu wa shule alikuwa amebandika karatasi ukutani kuonyesha mipaka, ili mtu asijisahau.

Mkuu alisema utaratibu huo unawatia moyo wazazi. Nasi tulikubali. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, watu waliowahi kumzomea diwani hadharani kwa sababu ya bomba la maji, tulikubali kupangwa madaraja kama maharage sokoni. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza kosa la mama mzazi ni nini mtoto akikosa hesabu za pembetatu. Mimi ndiyo kabisa sikuuliza, kwa sababu nilikaa mbele.

Naishi Kasulu, nauza vitenge. Kasulu shule zipo, tena nzuri, na mtoto angeweza kwenda kwa miguu na kurudi nyumbani kula. Nilimpeleka bweni Kibondo kwa sababu jirani yangu alimpeleka wa kwake huko, na sikuweza kuvumilia kumwona anapita mlangoni kwangu na sanduku la bati la mtoto wake, akitembea polepole ili nilione. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kielimu. Watu wakiniuliza nilisema nidhamu ya kule ni ya hali ya juu.

Baba yake hakupinga. Mchango wa baba yake katika masomo ulikuwa ni kuuliza mara moja kwa mwezi, "Anasomaje huyo?" kisha kuongeza sauti ya redio kabla sijamaliza kujibu. Muda mwingi alikuwa shambani Muyama. Mambo ya shule aliyaita "mambo yenu."

Basi kidato cha pili na cha tatu chote nilikaa kwenye kiti chekundu. Nilikuwa navaa kitenge kipya kila mkutano, kilemba cha kufanana, nafika mapema ili nipate kiti cha katikati. Nilifurahi mno, nisidanganye. Nilikuwa nageuka nyuma kwa kisingizio cha kutafuta upepo, nawatazama wale wa mabenchini wanavyokohoa, na moyo wangu unatulia.

Wenzangu wa viti vyekundu walikuwa watu wa ajabu. Palikuwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye kila tulipokutana alisema, "Baiolojia tumepata A, ila kemia tumeteleza kidogo." Tumepata, tumeteleza. Mzee yule baiolojia yenyewe hakuijua kama inaliwa au inavaliwa. Nilimcheka njia nzima nikirudi Kasulu. Kesho yake sokoni mteja akaniuliza habari za mtoto, nikajibu, "Tumekuwa wa pili darasani." Wala sikuyasikia maneno yangu mwenyewe.

Wa pili, ndiyo. Binti yangu alikuwa na tabia ya kuwa wa pili. Mara chache alikuwa wa tatu, na wa kwanza hakuwahi kuwa. Kila alipoleta ripoti nilikuwa na swali moja, na nilidhani ni swali la kumjenga. Nilimuuliza, "Nani wa kwanza? Ana vichwa viwili?" Mwanzoni alicheka. Baadaye alianza kulijibu kabla sijaliuliza, anataja jina la mwenzake na kusema ana kichwa kimoja, mama. Mwishowe akawa ananikabidhi ripoti na kwenda nje kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Kwenye mabenchi ya nyuma palikuwa na mwanamke kutoka Titye. Huyo nilimdharau kuliko wote. Binti yake alilala kitanda cha chini, wangu cha juu yake, kwa hiyo nilimjua hata kama sikutaka. Alikuja na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ndala zake za rangi mbili tofauti, khanga iliyopauka. Mkutano ukianza alisinzia. Nasema alisinzia waziwazi, kichwa kimelala ukutani, mkuu anasoma wastani wa somo la fizikia, yeye yuko mbali. Mtoto wake alikuwa hapati kitu cha maana, na mama mtu usingizi unamchukua. Nikawaambia wa viti vyekundu kwamba sasa mnaona matokeo yanakotoka. Walicheka, na mimi nikajiona mtu mwenye busara.

Baada ya mkutano tulipewa saa moja ya kukaa na watoto. Mimi saa yangu niliitumia vizuri. Nilifungua ripoti juu ya mapaja, binti yangu akasimama mbele yangu, tukapita somo kwa somo, na kila alama iliyopungua aliitolea maelezo. Mwanamke wa Titye alitandika khanga yake kwenye majani, akafungua ndoo, akatoa mihogo ya kuchemsha na karanga, na watoto wakamzunguka, wake na wasio wake. Ripoti ya binti yake sikuwahi kuiona mkononi mwake. Alikuwa anawauliza kama wanalala vizuri, nani anaumwa, maji ya kuoga yanapatikana. Binti yangu alikuwa anaiangalia ile khanga wakati namwuliza habari za jiografia. Nilidhani ni uroho wa karanga, nikaanza kumletea biskuti za pakiti.

Mwaka wa kidato cha nne ulipofika, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka apate daraja la kwanza, aende kidato cha tano kusoma fizikia, kemia na baiolojia, awe daktari. Nilishatangaza. Wateja wangu wote walijua, mchungaji alijua, hata wanawake wa Kikongo ninaonunua vitenge kwao upande wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walijua, na wengine walianza kuniita mama ya daktari. Niliitika.

Likizo ya katikati ya mwaka akaja na ripoti ambayo hesabu zilikuwa zimeporomoka. Nilipiga kelele siku mbili. Siku ya tatu mmoja wa wale wanawake wa vitenge akaniambia mume wake alifundisha hesabu kwao Kongo miaka mingi, nimpeleke mtoto amtazame. Nilimpeleka bila kutegemea kitu. Nilifikiri mtu aliyekaa kambini muda wote huo atakuwa ameshasahau hata jedwali la kuzidisha.

Alikuwa mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Tulimkuta pembeni ya soko. Hakuwa na ubao wala daftari, akachana boksi la katoni, akaandika maswali sita juu yake kwa kalamu ya wino, akampa. Mimi nikakaa karibu, nachagua vitenge huku jicho langu lipo kwenye katoni. Kila binti yangu alipoandika, nilinyoosha shingo. Alipomaliza, yule mwalimu akaitazama katoni muda mrefu, akanisogeza kando.

"Mama, mutoto anajua," alisema. "Tazama hapa. Ameandika jibu ya kweli, kisha amefuta, ameandika ya uongo. Na hapa tena. Hii haiko mambo ya matematike. Iko mambo ya woga."

Nikamwuliza anamwogopa nani. Aliangalia kile kitenge nilichokuwa nimekishika, halafu akaangalia chini, kwa adabu.

Nilimshukuru kwa midomo. Njiani nilimwambia binti yangu kwamba ndiyo maana mtu hutakiwi kupeleka mtoto kwa kila anayejiita mwalimu, unapewa unabii badala ya hesabu. Nilimlipia masomo ya ziada kwa walimu watatu wa mjini, wa asubuhi, mchana na jioni, na likizo nzima nilikuwa nachungulia mlangoni kuona kama kalamu inatembea. Ilikuwa inatembea. Na kifutio nacho kilitembea, nilikiona, nikanunua kingine kikubwa zaidi.

Mkutano wa matokeo ya mtihani wa majaribio ulikuwa mwezi wa nane. Nilivaa kitenge cha bluu na njano ambacho Kasulu nzima hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Nikaingia ukumbini, nikaenda moja kwa moja kwenye kiti changu cha katikati, nikakaa. Mwalimu wa taaluma akaja na orodha. Aliinama sikioni kwangu kama mtu anayeleta habari ya msiba. Binti yangu alikuwa amepata daraja la tatu.

Nilisimama. Kutoka kiti chekundu mpaka kwenye benchi la nyuma ni hatua zisizofika thelathini, lakini nilizipiga mbele ya watu wote niliowacheka kwa miaka miwili, na nguo yangu ilikuwa inang'aa kupita zote. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anatazama dari. Kwenye benchi mwanamke wa Titye akajisogeza, akapangusa kwa kiganja mahali pa kukaa.

"Kaa mama," alisema. "Hapa nafasi ipo."

Akanimiminia karanga mkononi. Sikuzila. Nilizishika mpaka mkutano ulipokwisha, zikalowa jasho, nikazimwaga nje. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa ya moto. Nilimchukia mkuu wa shule, nilimchukia yule mama kwa ukarimu wake, na nilimchukia, Mungu anisamehe, mtoto wangu mwenyewe. Saa ya kukaa na watoto ilipofika nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba gari litaniacha. Magari yalikuwa yamejaa stendi, yanaita abiria. Nilipotoka getini nilimwona binti yangu kwa mbali amesimama kwenye baraza la bweni, amenyoosha shingo anatafuta kilemba changu kati ya vilemba. Niliongeza mwendo.

Halafu yakaja mahafali. Nchi yetu hii tunasherehekea kumaliza kabla ya kufanya mtihani wenyewe. Mtoto hajajibu hata swali moja la taifa, lakini ameshavalishwa mashada ya karatasi za kung'aa mpaka masikioni, ameshakata keki, mgeni rasmi ameshawaambia kwamba wao ni taifa la kesho, na mashangazi wameshacheza mpaka viatu vimekatika. Ukiuliza tunashangilia nini, hakuna anayejua. Nilisema hayo yote kwa sauti, sokoni, kwa kila aliyetaka kusikia, na nikatangaza kwamba mimi upuuzi huo siendi.

Maneno yalikuwa ya kweli lakini sababu ilikuwa ya uongo. Ningekuwa bado nina kiti chekundu ningekwenda na mashangazi kumi na ngoma. Sikwenda kwa sababu mahafali nayo walipanga viti vilevile. Nilimtumia viatu vipya na shada la maua ya karatasi kwa kondakta wa basi, nikampigia matroni wa bweni simu kumwambia nimebanwa na biashara. Baba yake alikuwa Muyama, anavuna maharage.

Kilichotokea huko nilikisikia vipande vipande baadaye. Wakati wa keki, kila mtahiniwa huitwa mbele na mzazi wake. Mzazi anamvalisha shada, mtoto anamlisha keki, wanapigwa picha. Jina la binti yangu likaitwa. Akasimama mbele peke yake na viatu vyangu vipya. Wakaita mzazi mara ya pili. Ndipo yule mwanamke wa Titye akainuka kutoka benchi la nyuma na ndala zake, akapita katikati ya viti vyekundu, akaenda kumvalisha. Hakuwa na shada lingine, la kwake alishamvalisha binti yake, na shada nililotuma lilikuwa bado limo kwenye boksi kwa matroni. Alifungua khanga yake ya mabegani, akamvika shingoni kama shada.

Mwezi wa kumi na moja akafanya mtihani. Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka, nikayaangalia kwenye simu pale sokoni. Daraja la pili. Hesabu zilikuwa nzuri kuliko masomo yote. Nilipiga vigelegele, nikamwambia kila mwenye masikio, "Tumepata! Tumepata!" Nilikuwa nimesahau kila kitu. Nilifika nyumbani nikamkuta anapepeta mchele, nikamkumbatia, nikamwuliza kwa furaha hizo hesabu zimepandaje.

Akasema mama wa Titye alimwambia akishaandika jibu, ageuze ukurasa, asirudi nyuma kuliangalia. Basi. Alisema hivyo akiendelea kupepeta.

Mimi nililipia walimu watatu, na nikanunua kifutio.

Hata hapo sikujifunza upesi. Niliwaambia watu kwamba yule mama ana bahati, amemtajia tu binti yangu kitu ambacho hata mimi ningemwambia. Binti yake mwenyewe alipata daraja la nne, akaenda chuo cha ufundi kushona, na nilihakikisha wateja wangu wanalijua hilo pia. Nilikuwa nashindana na mwanamke ambaye hakujua kuwa tuko mashindanoni.

Barua ya kidato cha tano ilikuja na fomu ya kurasa nyingi, shule ya mbali, mkoa mwingine. Alipangiwa masomo ya sayansi, kama nilivyotangaza. Alikaa mezani sebuleni mchana mmoja akaijaza kwa hati yake nzuri, mimi nikiwa nakunja vitenge. Alipoinuka kwenda kunywa maji niliivuta fomu nione kama hajakosea. Sikuweza kuacha kukagua.

Palikuwa na sehemu ya watu wa kupigiwa simu mwanafunzi akiugua au akipata shida. Mstari ulioandikwa mtu wa kwanza ulikuwa na jina nisilolijua. Pembeni, kwenye uhusiano, alikuwa ameandika mama mlezi, Titye.

Aliporudi nilikuwa bado nimeishika. Nilitaka kufoka, na maneno ninayo siku zote, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mimi ndiye niliyekuzaa," nilimwambia. "Nimekulipia kila kitu. Sikukosa mkutano hata mmoja."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa akaniangalia vile anavyoangalia hesabu, kwa utulivu.

"Ulikuwa unakuja, mama," alisema. "Ulikuwa unakuja kukaa kwenye kiti. Yeye alikuwa anakuja kwangu. Nikiugua huko, yeye hataniuliza nimeumwa katikati ya mtihani gani."

Nilimwambia hata kwenye mahafali ningekuja, ila magari yalikuwa ya shida. Akasema anajua kwamba magari ya kutoka Kasulu siku ile yalikuwepo, kwa sababu moja lilileta viatu.

Alichukua kalamu, akaivuta fomu taratibu kutoka mikononi mwangu ili isikunjike, akajaza sehemu iliyobaki, kipimo cha sare na namba ya kiatu. Nilikuwa na machozi na sikuyaficha. Nilitazama tena ule ukurasa kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Chini ya jina la mwanamke wa Titye palikuwa na mstari mwingine, mtu wa pili, na hapo aliandika jina langu na namba yangu, vyote bila kufuta mahali popote.

Kwa miaka minne nilimwuliza swali lilelile kila alipokuwa wa pili. Siku ile sikuuliza. Wa kwanza nilimjua, na kichwa alikuwa nacho kimoja.